Mtoto Huyu ni wa Nani? Wasimamizi wa Ubatizo na Utambulisho wa Watoto Wetu Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mada kwa semina ya walimu wa shule ya Jumapili, wazazi na viongozi wa jumuiya, Mbagala, Wilaya ya Temeke



Mtoto anayekulia Chamazi au Bunju huanza mapema kuulizwa na wenzake, "Kwenu wapi?" Akijibu "Mbagala" anachekwa, maana Mbagala si kwao mtu, labda awe Mzaramo au Mndengereko. Baba yake ni Mngoni, mama yake Mpare, wakakutana Tandika. Kingoni hakijui kabisa, na Kipare anakisikia mama akizungumza na bibi kwenye simu. Serikali iliacha kuuliza kabila na dini katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na mimi naona ilifanya vema, lakini watoto hawajaacha kuulizana. Mwaka huo jiji hili halikuwa limefikisha watu laki tatu. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Maana yake ni kwamba karibu kila nyumba ya watoto tunaowafundisha ina babu au baba aliyeshuka basi na begi lake, akaanza upya.

Kila Desemba mambo yanajionyesha. Mtoto wa Kichaga mwenye wazazi wenye uwezo anapelekwa Moshi kula Krismasi na kuonyeshwa makaburi ya mababu mgombani. Jirani yake, ambaye kwao ni Kasulu, nauli ya familia nzima haipatikani, basi anabaki Kizuiani na kuishia kusimuliwa. Huyu wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi leo.

Sisi kanisani tuna jibu la kumpa: wewe ni mtoto wa Mungu, umeumbwa kwa mfano wake. Jibu hilo ni la kweli na sikuja hapa kubishana nalo. Ninachodai ni kwamba halimwingii mtoto likiwa maneno ya kukaririshwa tu. Linamwingia pale anapokuwapo mtu mzima, nje ya baba na mama yake, anayemjua kwa jina na kumfuatilia kwa sababu ya imani. Mtu huyo Kanisa lilishamteua siku ya ubatizo, likaandika jina lake kwenye daftari, kisha likamsahau. Namzungumzia msimamizi wa ubatizo, ambaye wengine humwita mzazi wa ubatizo.

Niseme wazi kwamba mtindo wetu wa siku hizi wa kuwaimbisha watoto kwamba wao ni wana wa Mfalme, hivyo hawawezi kupungukiwa, unanipa shida. Mtoto wa Buza anaimba hivyo Jumapili akiwa na fulana ya sare ya kwaya, Jumatatu anakwenda shule bila kunywa chai. Ama ataona kwamba Mungu ni mwongo, ama ataona kwamba yeye si mwana. Hakuna anayekaa naye kumweleza kwamba Mwana mwenyewe alilazwa horini.

Wenyeji wa pwani hii walijua kabla yetu kwamba mtoto anahitaji mtu mzima wa kukaa naye. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, aliishi Bunju katikati ya miaka ya 1960, wakati Bunju bado ni kijiji cha Wazaramo na si mahali pa kununua viwanja. Kitabu chake juu ya mila na ishara za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Katika unyago wao, mwali alikuwa akiwekwa ndani kwa muda mrefu, anapewa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti alichokitunza kama mtoto, na wanawake wazima walikuwa na wajibu wa kumfundisha na kumtoa. Binti alipotoka nje, mtaa mzima ulijua ni wa nani na nani wamemlea. Tunaweza kuyakataa baadhi ya mafundisho ya unyago, na yapo ya kukataliwa, bila kujifanya hatuoni kwamba binti yule alikuwa na somo wake, mwanamke aliyewajibika kwake yeye kama yeye. Siku hizi kungwi tunamkodi kwenye kicheni pati, anashika kipaza sauti saa mbili, analipwa, anaondoka.

Kuna Wakristo waliojaribu kuunganisha mila za namna hii na imani. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyeongoza dayosisi hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1926 hadi 1944, alikubali jando liendelee miongoni mwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, ila likiwa chini ya Kanisa. Kasisi alikuwapo kambini, sala zikachukua nafasi ya matambiko, na kijana akarudi nyumbani akiwa amekuwa mtu mzima na Mkristo kwa wakati mmoja, asilazimike kuchagua kati ya ukoo na ubatizo. Wapo waliomlaumu Lucas kwamba amebatiza upagani, wapo waliomsifu kupita kiasi. Nami naona kilichofanya kazi pale, kuliko zile sala zenyewe, ni kule kuwepo kwa wazee Wakristo waliokubali kulala porini na watoto kwa majuma. Wajukuu na vitukuu wa vijana wale wamo katika sharika zetu za huku, maana Barabara ya Kilwa ndiyo iliyowaleta.

Turudi kwenye daftari la ubatizo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe amepata Kipaimara na awe anaishi maisha yanayolingana na imani. Hakuna kifungu kinachotaka awe na gari. Lakini tunajua tunavyochagua: bosi wa ofisini, shemeji aliye Mwanza, au rafiki ambaye hawezi kuja na zawadi ndogo. Anashika mshumaa, anapigwa picha, ananunua keki. Miaka 13 baadaye anapigiwa simu na kamati ya sherehe ya Kipaimara aombwe mchango wa ukumbi. Katikati hapo hajamuuliza mtoto hata swali moja.

Pendekezo langu la kwanza ni dogo: msimamizi awe mtu anayefikika kwa daladala moja, au mbili zikizidi sana. Shemeji wa Mwanza aendelee kupendwa, ila mwingine wa hapa mtaani aandikwe. Na mzazi aliyehamishwa, kama zile familia zilizotolewa bonde la Msimbazi na kupelekwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, asaidiwe na usharika mpya kumpatia mtoto mlezi wa pili. Pamoja na hilo, tusiwe wajinga. Tunaishi katika jiji, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatudai ulinzi. Msimamizi aonane na mtoto wazazi wakijua, mahali penye watu, na ratiba yao mwalimu aijue.

Pendekezo la pili: wakikutana wafanye nini? Wamtafute mtu wa kwanza kubatizwa katika ukoo wa mtoto. Mtoto apige simu kwa bibi aulize: alikuwa nani, wapi, nani alimpinga? Wa Masasi anaweza kujikuta akifika kwa wale watumwa walioachwa huru, waliopelekwa huko na UMCA kutoka Zanzibar mwaka 1876. Wa Songea atafika Peramiho, walikoanza Wabenediktini mwaka 1898. Wale ambao bibi hayupo tena, waende Pugu hapa karibu, ambako Wabenediktini haohao walifika mwaka 1888 na kituo chao kikachomwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri. Mtoto ataona kwamba imani yake imepitia kwa watu wenye majina na makabila, na wengine walilipa gharama kubwa.

Na wengi watagundua kwamba babu alikuwa Mwislamu, au bado ni Mwislamu, anaishi Mbande na hupika pilau ya Idi. Hapa walimu wetu wengi huteleza, wakamfundisha mtoto kujijua kwa kumdharau babu yake. Wasome habari za Timotheo. Matendo 16 inasema mama yake alikuwa Myahudi muumini, baba yake Myunani. Imani ilimfikia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kisha Paulo, asiye ndugu yake kwa damu, akawa anamwita mwanangu. Paulo hakumfanya Timotheo amkane baba yake ili awe mwanafunzi. Mtoto wa nyumba yenye dini mbili asikie habari hiyo mapema, tena kutoka kwa msimamizi wake, kabla hajaisikia lugha ya mashindano mtaani.

Kuhusu vipindi vya dini shuleni sitasema mengi. Shule zetu nyingi zina zamu mbili na madarasa yaliyofurika, na mwalimu wa dini hupata dakika chache na watoto wengi mno. Kazi ninayoieleza haiwezi kufanyikia pale.

Limebaki jambo ambalo sina jibu lake. Hata kule Masasi, upande wa wavulana ulikwenda vizuri kuliko wa wasichana, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake na maaskofu hawakuwa na njia ya kuuingia. Sisi nasi tumewaachia mabinti zetu simu na marafiki wawafundishe habari za mwili wao, kisha tunashangaa wakija darasa la Kipaimara wakiwa wamejifunza mengine. Msimamizi wa kike aruhusiwe kusema nini, kwa umri gani, na mama mzazi akiwa wapi? Naliweka swali hilo mbele ya vikundi vya mchana. Humu ndani mna akina mama waliochezwa unyago kwao Newala na Rufiji na leo ni wazee wa kanisa. Naomba wao waanze kusema, wachungaji tusikilize.