Jiwe la Kukalia

Asubuhi hii twafungua Kitabu cha Kutoka, mlango wa 17. Israeli wanapigana na Amaleki huko Refidimu, na Musa yuko kilimani, mikono ameiinua. Mikono ikamlemea. Haruni na Huri hawakumkaripia, wala hawakumhubiria habari za imani haba. Walimtafutia jiwe akakaa, kisha wakaishikilia mikono yake mpaka jioni.

Sisi wa hapa Tena tulilisoma neno hilo miaka mingi tukidhani ni habari ya vita tu. Kisha tukamleta mama yetu kutoka shambani. Alianza kwa kusahau sufuria motoni. Baadaye akatusahau sisi. Saa nane za usiku hufunga kitambaa, huchukua kikapu, ataka kwenda kukama ng'ombe aliyeuzwa zamani. Mara moja tulimkuta karibu na barabara ya Outer Ring. Wako walionong'ona kwamba amerogwa. La, wapenzi, ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza namna moja ya ugonjwa huo mwaka 1906. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wana ugonjwa wa jinsi hii. Je, wote hao wamerogwa?

Lakini leo twasema habari ya yule anayetunza. Kwetu, dada yetu mkubwa ndiye aliyeubeba mzigo. Hakulala, hakula vizuri, ibada aliikosa miezi minne, nasi tukamsifu kwa upendo wake. Sifa ni rahisi. Hazimpi mtu usingizi. Siku moja alimshika mama mkono kwa nguvu, akampigia kelele, kisha akaketi sakafuni akilia. Ndipo tulipoona aibu yetu. Tulikuwa na Musa nyumbani, na jiwe hatujamletea.

Basi tukagawana usiku. Ijumaa na Jumamosi kaka zetu ndio hukesha, ingawa mwanzoni walisema hiyo ni kazi ya wanawake. Jumanne alasiri mama mmoja wa ushirika wetu huja, wakachambua maharagwe pamoja na mama, na dada hulala. Mama akitaka kwenda kwake, hatubishani naye tena. Twatoka naye hadi langoni, twazunguka kidogo, naye husahau safari. Mfukoni mwake tumemshonea nambari ya simu.

Ninyi mnaotunza, msiseme tu, "Tuombeeni." Tajeni siku na saa. Nanyi wageni, mara ngapi tumekuja kumwona mgonjwa, tukaomba, tukanywa chai aliyoipika yule yule aliyechoka, tukaaga na vikombe tukamwachia!

Jumapili iliyopita dada yetu alifika ibadani. Mahubiri yalipoanza alisinzia, na sisi tuliokaa karibu naye hatukumwamsha.