Roboti na Mtoto Mwenye Usonji: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti mbele ya wazazi, walezi na walimu wa watoto wenye usonji, kama yalivyotolewa ukumbini.

  

Nimeombwa nizungumzie roboti, na sababu mnaijua. Kuna video inayozunguka kwenye simu zetu. Roboti nyeupe, fupi kuliko mtoto wa chekechea, inapunga mkono na kucheza densi. Mbele yake ameketi mtoto mwenye usonji, naye anaitazama na kucheka. Kila anayeitumia ofisini kwetu huambatanisha swali moja: kaunti itatununulia lini? Wengine wameenda mbali zaidi. Wamepigiwa simu na watu wanaoahidi kuwaletea "roboti ya kuponya usonji" mradi watangulize amana. Ndiyo maana tumeona tuzungumze leo, kabla mtu hajauza mbuzi.

Mimi nimesomea uanahabari, si daktari. Kazi yangu ni kuuliza waliofanya utafiti wameona nini, kisha niwaeleze kwa lugha tunayoielewa sote.

Nianze na hilo la kuponya, kwa maana halihitaji maneno mengi. Usonji si malaria. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua, na hakuna dawa wala mashine ya kuuondoa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka wa 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hivyo si laana ya ukoo fulani, na mama hana kosa. Kinachowezekana ni kumsaidia mtoto ajifunze kuwasiliana, kucheza na wenzake, kuvaa, kula na kustahimili kelele. Anayekuahidi kuponya, mkatie simu.

Sasa roboti zenyewe. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu hapa. Mwaka wa 1976 huko Edinburgh, Uskoti, watafiti wawili, Ricky Emanuel na Sylvia Weir, walichapisha habari za mvulana wa miaka saba mwenye usonji aliyepewa kifaa cha kutembea sakafuni kilichoitwa kobe, akawa anakiongoza kwa kompyuta. Waliona kwamba kile kifaa kilimfungulia mtoto njia ya kuwasiliana. Baadaye, kuanzia 2005, Chuo Kikuu cha Hertfordshire nchini Uingereza kikatengeneza roboti inayoitwa Kaspar, yenye kimo cha mtoto mdogo na iliyovalishwa nguo za mtoto. Japani nako Hideki Kozima akabuni Keepon, kidude cha njano kinachofanana na mipira miwili iliyobebana, kinachojua kutikisika na kugeuka tu. Ile nyeupe ya kwenye video ni NAO, yenye sentimita 58, iliyobuniwa Ufaransa.

Kwa nini mtoto atulie mbele ya mashine na kukimbia uso wa mtu? Hebu fikirieni shangazi anapoingia nyumbani. Nyusi zinapanda, meno yanaonekana, sauti inapaa, bangili zinalia, manukato yananukia, na mikono tayari inamfuata mtoto ili imbebe. Yote hayo kwa sekunde moja. Mimi na wewe tunayachuja bila kufikiri, tunabaki na ujumbe mmoja kwamba shangazi amefurahi. Kwa watoto wengi wenye usonji, mambo hayo huingia yote kwa pamoja kama redio tano zilizofunguliwa stesheni tano. Na kesho shangazi akija amechoka, uso wake si ule wa jana. Mtoto ataanzia wapi?

Roboti haina mambo mengi. Uso wa Kaspar ulifanywa mtupu makusudi: macho, kope, mdomo, basi. Ikisema "habari" leo, kesho itaisema kwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule wa mkono. Mtoto akitaka irudie mara hamsini, itarudia mara hamsini bila kununa. (Mimi binafsi hufika mara ya tano.) Mtoto akijua litakalofuata, hofu inapungua, na hofu ikipungua kuna nafasi ya kujifunza.

Ngozi ya Kaspar ina vihisio vya mguso. Mtoto akiitekenya, inacheka. Akiipiga kwa nguvu, inasema inaumia na kufunika uso kwa mikono. Mtoto ambaye kila siku anampiga mdogo wake bila kuelewa kwa nini mwenzake analia, hapo anaona kitendo na matokeo yake polepole, mara nyingi, wala hakuna anayemfokea. Mtaalamu anakaa kando yake na kumwambia: umeona, ameumia, tumguse taratibu. Kisha wanajaribu tena.

Hapo kwa mtaalamu naomba tukae kidogo, kwa maana ndipo video inapotudanganya. Kamera huilenga roboti na mtoto. Haimwonyeshi mtu aliyeshika rimoti. Katika vikao vingi vya utafiti roboti haikujiendesha yenyewe. Mtu mzima ndiye aliyekuwa akimwangalia mtoto, akiamua sasa roboti iseme nini, ingoje muda gani, inyamaze lini. Hata mradi mkubwa wa DREAM uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ili roboti ipunguziwe utegemezi huo uliacha usimamizi mikononi mwa mtaalamu. Mradi huo ulikusanya rekodi za vikao zaidi ya 3,000 kutoka kwa watoto 61. Gawanyeni wenyewe muone ni vikao vingapi kwa kila mtoto. Si kupunga mkono mara moja mbele ya kamera.

Mfano mwingine ni wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa 2018 na Brian Scassellati na wenzake. Waliweka roboti katika nyumba za watoto 12 wenye usonji kwa mwezi mmoja, nusu saa kila siku. Mtoto alicheza na roboti michezo ya kutambua hisia na kupokezana zamu, na mzazi au mlezi akiwa mchezoni pia. Roboti ilimtazama mtoto, kisha ikamgeukia mzazi, na mtoto naye akafuata. Watoto walisonga mbele katika jambo ambalo wataalamu hulipa uzito mkubwa, nalo ni mtoto na mtu mwingine kutazama kitu kimoja pamoja na kila mmoja kujua mwenzake anakitazama. Na walionyesha hivyo hata roboti ilipokuwa haipo.

Ni habari njema, wala sitaki kuipunguza. Lakini ni watoto 12, na ni mwezi mmoja. Tafiti nyingi za roboti ni za idadi ndogo kama hiyo. Watoto huvutiwa, hilo limeonekana mara nyingi. Kigumu ni kuhamisha alichojifunza kutoka kwa roboti hadi kwa bibi, kwa mwalimu, kwa mtoto wa jirani. Mtoto anaweza kuiamkia roboti vizuri sana na akampita babu yake mlangoni kama nguzo. Bila mtu wa kumvusha kutoka hapa hadi pale, tumemfundisha kuishi na roboti.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Roboti aliyoitumia Yale ni ya aina ya Jibo. Kampuni iliyoitengeneza ilifunga, na kufikia 2019 roboti hizo zilikuwa zikiwaaga wenyewe majumbani. Desemba 2024 ikawa zamu ya kampuni ya Embodied ya Marekani, iliyouza Moxie, roboti ya watoto ya dola 799, shilingi 100,000 hivi. Moxie iliongea kwa kutegemea kompyuta za kampuni kupitia intaneti. Kampuni ilipotangaza kufunga, wazazi walibaki na kazi ya kumweleza mtoto kwa nini rafiki yake atanyamaza. Baadaye ilitolewa programu ya kuwawezesha wenye ujuzi kuiendesha Moxie wenyewe. Ujuzi huo ni wa wachache. Mtoto mwenye usonji, anayetegemea kila kitu kibaki mahali pake, ndiye anayeumia zaidi rafiki wa namna hiyo akitoweka. NAO nayo ni ya maelfu ya dola, na bado hujahesabu ushuru, fundi na umeme unaopotea jioni.

Halafu kuna lugha. Mtoto wako anaamka akisikia lugha ya nyumbani, anaenda chekechea akisikia Kiswahili, na roboti inamsemesha Kiingereza cha California. Kwa mtoto ambaye neno moja limemchukua mwaka mzima kulitamka, hilo si dogo. Na kuna kamera. Roboti hizi huona na husikia, na nyingine hupeleka sauti na picha mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inasema data za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Atakayekuja na roboti shuleni kwenu, hata kama ni ya msaada na ya bure, mwulizeni picha za watoto zinakwenda wapi. Mkinyimwa jibu, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Maoni yangu, na naomba yachukuliwe kuwa yangu: shilingi ya kwanza iende kwa mtu. Roboti bila mtaalamu ni mdoli ghali. Mtaalamu bila roboti bado ni mtaalamu.

Mbona basi nimewachosha na habari za Kaspar? Kwa sababu zinatuonyesha mtoto anahitaji nini, na mengi ya hayo hayana bei ya dola. Salamu iwe moja, ya maneno yale yale, na watu wote wa nyumbani waitumie. Soksi kuukuu iliyoshonwa vifungo viwili vya macho inaweza kuwa mdoli wa mkononi wenye uso mtupu. Mpira ni mwalimu mzuri wa kupokezana zamu: wangu, wako, wangu, wako, kisha unaushika kidogo na kungoja akutazame ndipo uuachilie. Usimshike kidevu kumlazimisha atazame. Chora picha za mambo ya asubuhi, kuamka, kunawa, chai, viatu, uzibandike ukutani kwa mpangilio ili ajue linalofuata. Dakika kumi kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Wala usinyamaze ukingoja yeye aanze kuongea. WHO ina mafunzo ya walezi ya namna hii hii, yaliyotungwa yafundishwe na watu wasio madaktari bingwa.

Na tusichelewe. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitikia jina lake, wa mwaka mmoja na nusu asiyeonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, apelekwe zahanati bila kungoja "ataongea tu, hata baba yake alichelewa". Mwombeni mhudumu amwelekeze hospitali, na masikio yapimwe pia, maana asiyesikia naye haitikii. Kwa upande wa shule, viko vituo vya tathmini ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984, ambavyo humwangalia mtoto na kushauri ni shule au kitengo gani kinamfaa. Vituo hivyo pamoja na shule za msingi viko chini ya serikali ya kitaifa. Chekechea, zahanati na hospitali za kaunti ni jukumu letu sisi, na huko mna haki ya kutubana.

Kutubana kwenyewe kuna msimu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Katika vikao vya wadi watu husimama kuomba barabara, maji na taa za mulikamwizi. Ni nadra kumsikia mtu akiomba mtaalamu wa kuwafundisha watoto kuongea, au walimu wa chekechea wafunzwe kuutambua usonji. Njooni mkiwa wengi, mwandike ombi lenu kwenye karatasi, mtie sahihi, mmkabidhi karani wa kikao na mbaki na nakala.

Wahudumu wa afya wameketi kwenye meza iliyo karibu na mlango. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano aanzie hapo, na kama amekuja na kijitabu cha kliniki, akitoe.