Hatari ya Kuvuka Mpaka kwa Ghafla



Wazee wetu walisema, simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Maneno hayo ni kweli kwa simba. Yeye huja usiku, hukamata mbuzi, na kabla ya jua kuchomoza amekwisha rudi mwituni. Hana haja ya kukaa zizini wala kuletewa chakula cha kesho. Jeshi lililovuka mpaka wa nchi nyingine haliwezi kufanya hivyo. Likiisha kamata mahali, sharti likae pale, lilishwe, liletewe mafuta na risasi, na majeruhi wake warudishwe nyuma. Na mwenye zizi sasa ameamka, anaita majirani. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulitazame, kwa mfano ulio karibu nasi, yaani vita vya Uganda na Tanzania vya mwaka 1978 na 1979.

Sisi tunaofasiri habari za vita hulitumia sana neno "kushtukiza". Neno hilo hunishughulisha, kwa sababu mtu hushtuka mara moja tu. Baada ya hapo huuliza ni nani aliyempiga.

Kwanza tupafahamu mahali penyewe. Magharibi ya Ziwa Victoria, mpaka wa Uganda na Tanzania haufuati mto wala mlima. Ni mstari ulionyoka, uliopigwa na wakubwa wa Kizungu katika ramani. Mto Kagera unapita kusini ya mstari huo, ndani ya Tanzania. Kwa hiyo ipo nchi ya Tanzania, upana wake wapata maili za mraba 700, iliyo ng'ambo ya mto upande wa Uganda, na njia kubwa ya kuifikia ilikuwa daraja la Kyaka. Mtu akitazama ramani huona mara moja kwamba eneo lile ni rahisi kulinyakua. Asichokiona upesi ni shida ya kukaa nalo.

Mwisho wa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka. Tanzania haikuwa na jeshi kubwa huko, na wale wachache waliokuwapo walirudi nyuma ya mto. Tarehe 30 Oktoba eneo lote lilikuwa mikononi mwa Waganda, na tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba nchi ile sasa ni ya Uganda. Redio yake ilijisifu kwamba kazi yote ilifanywa kwa dakika 25. Raia wengi waliuawa, maelfu walikimbia, ng'ombe wakaswagwa kwenda kaskazini, na kiwanda cha sukari kikaporwa mitambo yake.

Hata leo waandishi wa historia hawapatani kama Amin mwenyewe aliamuru jambo hilo tangu mwanzo, au kama aliwafuata askari wake waliokuwa wamekwisha anza. Kwa mkulima aliyekimbia na watoto wake usiku, tofauti hiyo haikuwa na maana yo yote. Lakini kwetu tunaotaka kujifunza ina maana kubwa. Shambulio la ghafla hupangwa na watu wachache, kwa siri, na pengine kwa hasira, na kwa kuwa ni siri, hakuna anayeruhusiwa kuuliza, "Na juma lijalo tutafanya nini?" Jeshi la Uganda lilikuwa limejaa magomvi ya ndani na uasi. Mwezi ule ule wa Oktoba Marekani ilipiga marufuku kununua kahawa ya Uganda, na kahawa ndiyo iliyokuwa fedha ya nchi. Nchi yenye hali ya namna hiyo yaweza kupiga pigo moja. Haiwezi kupigana kwa mwaka.

Sasa sikilizeni habari ya daraja, kwa maana hapo ndipo hesabu ya Amin ilipoharibika. Waganda waliogopa kwamba Watanzania watarudi kwa njia ile ile, basi wakalishambulia daraja la Kyaka kwa ndege. Mabomu yakakosa. Mwishowe, tarehe 3 Novemba, wakalivunja kwa baruti. Bila shaka walifurahi, wakadhani kwamba wamefunga mlango. Lakini mwenye kufunga mlango namna ile amemwambia adui yake kwamba haji mbali zaidi. Katika siku zile Tanzania ilikuwa haijawa tayari; majeshi yake yalikuwa mbali, mengine kusini ya nchi, na safari ya kufika Kagera ilikuwa ndefu na ya matope. Faida yote ya ghafla ni kumnyima mwenzako wakati. Amin aliupata wakati ule kwa dakika 25, kama asemavyo, kisha akamrudishia Nyerere bure.

Nyerere aliutumia. Tarehe 2 Novemba aliliambia taifa kwamba litapigana. Mabasi na malori ya watu yalichukuliwa kwa kazi ya jeshi, magari moshi yakabeba askari, na mgambo wakaitwa toka wilayani, hata jeshi likazidi watu 100,000. Amin, kwa upande wake, alimwalika Nyerere wapigane ngumi ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Watu walicheka, lakini askari waliendelea kupanda magari. Kabla ya Novemba kwisha Watanzania walikuwa wameweka daraja la muda juu ya mto na kuvuka, nao wakakuta Waganda wengi wamekwisha ondoka.

Ipo hatari nyingine ambayo haionekani katika ramani. Mwaka 1964, huko Cairo, wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na Nyerere mwenyewe alikuwa mbele katika shauri hilo. Alikuwa amefungwa na neno lake. Aliyemfungua ni Amin, alipouvuka mpaka kwanza. Hata hivyo, Tanzania ilipoingia Uganda na kuiteka Mutukula mnamo Januari 1979, na kuendelea, haikupata sifa tupu. Katika mkutano wa Monrovia mwezi wa Julai mwaka ule, baadhi ya wakuu wa Afrika waliilaumu mbele ya wote. Nadhani lawama ile haikuwa ya haki kabisa, lakini yafaa ikumbukwe: mpaka ukivukwa, hata mwenye haki hutoka na matope miguuni.

Tena njia ya kwenda mbele haikuwa nyepesi kwa Watanzania wenyewe. Mizinga yao ya roketi, ambayo watu wa Uganda waliiita "saba saba", ilitisha sana, na Masaka ilianguka Februari. Lakini huko Lukaya, barabara inapopita katikati ya kinamasi, brigedi ya 201 ilikutana na askari wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Usiku wa tarehe 10 Machi Watanzania walivunjika, wakakimbia ovyo. Siku iliyofuata brigedi nyingine, ya 208, ilizunguka ikawapiga maadui kutoka upande wa nyuma, na mambo yakageuka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbia nchi, akafa Saudia mwaka 2003, asirudi tena Uganda.

Labda kijana atasema, "Hizo ni habari za zamani. Siku hizi kuna ndege zisizo na rubani, na macho ya setilaiti yaonayo kila kitu." Naam, tutazame basi habari mpya. Tarehe 6 Agosti 2024, Ukraine, iliyokuwa imevamiwa na Urusi tangu Februari 2022, ilivuka mpaka na kuingia mkoa wa Kursk wa Urusi. Siri ilitunzwa vizuri ajabu. Katika majuma machache ilishika zaidi ya kilomita za mraba 1,000 pamoja na mji mdogo wa Sudzha, na dunia nzima ikastaajabu. Sababu ya Ukraine haifanani na ya Amin hata kidogo; lakini barabara ni barabara. Jeshi lile liliishi hasa kwa njia moja itokayo Sumy. Urusi haikuacha kusonga mbele mahali pengine, upande wa Pokrovsk, kama Ukraine ilivyotumaini; ikaleta askari wa Korea ya Kaskazini huko Kursk, kisha ikaitawala ile njia kwa ndege ndogo zinazoongozwa kwa uzi mwembamba wa kioo, zisizoweza kuzibwa kwa mitambo ya redio. Lori la chakula likawa shabaha kuliko kifaru. Mnamo Machi 2025 Sudzha ilirudi mikononi mwa Warusi. Mimi sisemi kwamba Waukraine walikosea kujaribu. Aliyebanwa ukutani huchagua katika mabaya. Nasema kwamba macho ya setilaiti na ndege hizo zimefupisha tu zile siku ambazo ghafla huwa na faida.

Vita vya Kagera vilikwisha tarehe 3 Juni 1979, askari wa Tanzania walipofika mpaka wa Sudan. Gharama yake kwa Tanzania ilikadiriwa kuwa dola milioni 500. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18; watu wazima wa siku zile watawaambieni kwamba miezi hiyo ilipita na mkanda haukulegea. Huko Kagera kwenyewe, wenyeji walikuwa wamekwisha anza kurudi makwao. Ng'ombe walioswagwa hawakurudi nao.