Mtoto Huyu Akikua Atakwenda Wapi?

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa mbele ya wajumbe na wageni katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamekwisha kutueleza habari za tani, za maghala na za minada, nao wamesema vema, mimi sitayarudia. Mwenyekiti aliniagiza nizungumze juu ya vijana. Nami nimechagua vijana ambao hawakuimba katika kwaya asubuhi hii, wala hawakupita mbele yenu katika maandamano. Hao ni watoto wetu wenye ulemavu, waliokwisha kuwa watu wazima hali sisi bado twawaita watoto.

Ndugu wajumbe, naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka sita iliyopita, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, kijana mmoja kiziwi alifika ghalani kwetu akisukuma baiskeli yenye magunia mawili. Umri wake ulikuwa miaka 20. Alikuwa amesoma shule ya bweni ya viziwi hadi darasa la saba, kisha akarudi nyumbani, na babu yake alipofariki alimwachia mikorosho. Alipalilia mwenyewe, akaokota mwenyewe, akaanika mwenyewe. Nilipima korosho zake, nikamwuliza namba ya kitambulisho na ya akaunti. Hakuwa nazo. Akachukua kalamu mkononi mwangu akaandika jina lake kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wakipiga kelele. Nikaziandika kilo zake kwa jina la kaka yake, kama nilivyofanya msimu uliotangulia, maana ndivyo tulivyozoea.

Fedha zikaingia kwa kaka. Kijana akaja ofisini mara tatu akiniuliza kwa vidole, nami mara tatu nikamwonyesha njia ya nyumba ya kaka yake. Mara ya nne hakuja. Mwaka uliofuata mikorosho yake haikupata dawa, ubwiri unga ukaila maua, na mwenye mikorosho akawa ashinda barazani kutwa.

Ndipo mama yake alipokuja. Aliketi kwenye benchi la ofisi akaniambia: “Katibu mwanangu, huyu alipokuwa mdogo hospitali walimpokea, na shule wakampokea. Sasa amekuwa mtu mzima, na kila mlango ninaobisha naambiwa huu ni wa watoto. Nimpeleke wapi?” Mimi ni mtu wa kidato cha nne, nina ofisi na muhuri, lakini jibu sikuwa nalo. Haya nitakayowaambia leo ndiyo niliyojifunza nilipofuatana na mama huyo kutafuta jibu.

Kwanza niseme kwamba jambo hili si la nyumba moja. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Ndiyo kusema takriban mtu mmoja katika kila watu tisa. Nami naona shida kubwa haipo utotoni peke yake. Ipo pale katikati, utoto unapokwisha na utu uzima unapoanza. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Siku anapotimiza umri huo, mwalimu humaliza kazi yake, na kliniki ya watoto humaliza kazi yake. Lakini hakuna anayemshika mkono na kumkabidhi kwa mwingine. Mtoto asiye na ulemavu huvuka pengo hilo kwa miguu yake. Huyu wetu hukaa ukingoni, na mwaka hufuata mwaka.

Je, ng'ambo ya pili hakuna kitu? Kipo, ndugu zangu, wala si haba. Yatupasa tujue kilipo.

Mlango wa kwanza ni karatasi. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu ya kupata kitambulisho cha Taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lake, wala akaunti ya benki, na kwa hiyo malipo ya korosho hayana pa kuingia ila mfukoni mwa mtu mwingine. Wazee wengi hawakuwatafutia watoto hawa vyeti, wakidhani havitawafaa. Kumbe kijana wetu alikosa fedha zake kwa kukosa karatasi moja ambayo ingaliandikwa alipokuwa kifuani mwa mama yake.

Mlango wa pili ni Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Huyu ndiye wa kuulizwa kabla ya wengine wote, maana ndiye mwenye kujua chuo gani kinapokea na hospitali gani inafaa. Zamani nalidhani kazi yake ni ugomvi wa wanandoa tu. Aidha, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imezipa serikali za mitaa wajibu katika jambo hili hadi kijijini. Basi mzazi na aulize kwa Mtendaji wa Kijiji kama jina la mwanawe limeandikwa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hagawiwi.

Mlango wa tatu ni vyama vya wenye ulemavu wenyewe. Viziwi wana CHAVITA, wasioona wana Chama cha Wasioona Tanzania, watu wenye ualbino wana chama chao, na vyama hivyo huungana katika shirikisho liitwalo SHIVYAWATA. Sisi wana ushirika tungalipaswa kuwaelewa upesi kuliko watu wote, maana nao waliona yale yale tuliyoyaona: kwamba mtu mmoja hupuuzwa, na wengi husikilizwa. Ni kwa njia ya CHAVITA tuliweza kumpata mkalimani wa lugha ya alama. Siku mkalimani alipofika ofisini kwetu, ndipo nilipojua kwamba kijana yule alikuwa akikumbuka kila kilo ya misimu miwili. Alizitaja zote, na daftari langu likamshuhudia.

Mlango wa nne ni ufundi. Vipo vyuo vya Serikali vya kuwafundisha kazi watu wenye ulemavu, kama kile cha Yombo, Dar es Salaam, na kile cha Sabasaba, Singida. Vipo pia vyuo vya VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo si vya kundi moja, na kijana mwenye ulemavu ana haki ya kuomba nafasi humo kama mwenzake. Lakini asifungiwe safari kabla ya kuuliza kama nafasi ipo, kama bweni lina njia ya kiti cha magurudumu, na kama mwalimu aweza kumfundisha asiyesikia. Nauli ya mkulima ni ghali mno kupotea bure.

Mlango wa tano ni mtaji na kazi. Tangu mwaka 2018 sheria yaziagiza Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Wa kuulizwa ni Afisa Maendeleo ya Jamii. Na kuhusu ajira, ile sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Waheshimiwa, tusiwanyoshee kidole wenye viwanda peke yao. Tuhesabu makarani, wapimaji, walinzi na wapakizi wa maghala yetu wenyewe, kisha tujiulize sisi tumesimama wapi.

Mlango wa sita ni tiba, nao husahauliwa mapema kuliko yote. Mguu wa bandia wa mtoto wa miaka 10 haumwingii kijana wa miaka 18. Hauna budi kutengenezwa upya, na mafundi wapo katika hospitali kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam. Kijana mwenye kifafa asiache dawa kwa sababu amekoma kwenda kliniki na mama yake. Na kijana mwenye ualbino, kadiri miaka inavyozidi ndivyo jua linavyozidi kumdhuru ngozi. Huyu tusimpe kazi ya kuanika korosho mchana kutwa kisha tukasema tumemsaidia. Mpeni mizani au daftari chini ya paa, kofia pana, na mafuta ya kukinga jua, ambayo siku hizi hutengenezwa papo hapo KCMC.

Ndugu Mwenyekiti, wapo pia wale ambao hawataweza kuishi bila mtu wa kuwaangalia, hasa wenye ulemavu mkubwa wa akili. Kwa hao sisemi habari za mizani wala za mikopo. Nasema habari za mzee mmoja wa kijijini kwetu aliyeniuliza usiku, watu wakiisha kuondoka: “Nikifa mimi, nani atamwogesha?” Swali hilo haliwezi kujibiwa siku ya mazishi. Yafaa lijibiwe mzee angali hai: ukoo ukae, atajwe mlezi, na wa pili wake atajwe, mikorosho ya kumlisha mtoto huyo iandikwe kwa wosia ulio halali, nayo Serikali ya Kijiji ijulishwe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tumeficha mno, tukiwafungia watoto wetu vyumba vya nyuma kwa aibu isiyokuwa yetu wala yao.

Sasa mtaniuliza, haya yahusu nini ushirika? Nami najibu: shule humwona mtoto miaka saba, na hospitali humwona siku anapougua, lakini chama cha msingi kipo kijijini tangu mkulima aanze kulima hata azikwe. Sisi twajua kila kaya, kila shamba na kila anayeishi humo. Wafumaji wale wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walituachia desturi kwamba mlango wa ushirika uwe wazi na kila mwanachama awe na kura moja. Kura hiyo haina mguu wala jicho. Kwa nini basi iandikwe kwa jina la kaka?

Kwa hiyo naleta mbele yenu maombi manne, ili tuanze nayo miaka 10 ijayo. La kwanza, kila chama cha msingi kiweke daftari la vijana wenye ulemavu, na jina liandikwe kijana afikapo miaka 14, ili tuwe na miaka minne ya kutafuta cheti, chuo na tiba kabla mlango wa utoto haujafungwa. La pili, iwe ni mwiko kuandika kilo za mtu mzima kwa jina la mwingine kwa sababu tu ya ulemavu wake. La tatu, kila msimu ghala litenge nafasi za kazi kwa ajili yao, kwa ujira ule ule wa wengine. La nne, sehemu ndogo ya fedha zetu za elimu ilipe nauli ya mzazi na kijana kwenda kumwona Afisa Ustawi, pamoja na malipo ya mkalimani siku ya mkutano mkuu. Gharama hizo ni ndogo kuliko za chakula tutakachokula leo.

Namalizia kwa habari za yule kijana. Sasa ana kitambulisho, ana akaunti, na ni mwanachama mwenye hisa. Mikorosho yake imerudi kuzaa. Fedha za misimu ile miwili hazijarudi zote. Kaka yake angali akilipa kidogo kidogo, nami nimechangia fungu langu, maana kalamu ilikuwa yangu. Nilimwomba ruhusa ya kusema habari zake leo. Alikubali kwa sharti moja: nisiseme kwamba nilimsaidia, ila niseme kwamba nilimpa haki yake kwa kuchelewa.

Basi nimesema. Wazee wetu walinena kwamba kabla hujafa hujaumbika. Hakuna hapa ajuaye atakavyokuwa kesho. Twendeni tukafungue daftari hilo mapema, asije mama mwingine akaketi kwenye benchi la ofisi na kutuuliza swali lile lile.