Kazimoto Si Mfaransa

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee mliodamka kupanda matatu Kitale mje kunisikiliza hapa Bungoma: nimechokozwa. Mwenzangu mmoja alisimama kikaoni akasema Euphrase Kezilahabi alichukua riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942, akaivika kanzu, akaiita Kichwamaji. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Udhanaishi, ile falsafa ya maana ya kuwapo, mnaujua, sitawarudisha mwaka wa kwanza. Wala sikatai kwamba Kezilahabi aliwasoma Wafaransa. Aliwasoma, na inaonekana. Lakini tuziweke riwaya hizo mezani. Meursault wa Camus anamzika mamake bila chozi, kisha anamuua Mwarabu ambaye hatuambiwi hata jina lake. Hana mke wala mtoto, hana anayemdai. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, amezungukwa na watu. Dada yake Rukia anatiwa mimba na Manase; Kazimoto anaazimia kulipiza kwa Sabina, dadake Manase; kisasi kinageuka ndoa, na ndoa inazaa mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, kama yule wa Manase. Hapo ndipo anapojiua. Meursault anakingoja kifo hadaiwi na mtu. Kazimoto anazama kwenye madeni ya jamaa. Mwizi gani huyu anayeiba nyumba, kisha anajenga nyingine kabisa?

Niruhusuni nikae kidogo na kichwa hicho. Msomi wa chuo kikuu, kichwa kimemjaa fikra hata hazimpi usingizi, anaonyeshwa mwanawe. Swali alilokuwa akilizungusha akilini sasa lina uzito, linaweza kupakatwa. Kwa Camus sijaliona hilo. Na shahada ya uzamivu ya Kezilahabi, ile ya Wisconsin, ilikuja mwaka 1985, miaka 11 baada ya Kichwamaji. Kwanza alikuwa mtoto wa Namagondo, Ukerewe, kisha mwanafunzi wa seminari ya Nyegezi. Mtoto wa kisiwani aliyefunzwa na mapadri hahitaji Paris ili amuulize Mungu maswali.

Mimi nilikisoma kitabu hicho Kitale, nikiwa kijana, nimekalia gunia la mahindi nikilinda mavuno ya mjomba. Wiki hiyohiyo tukaenda matangani karibu na Kimilili. Omuswala kumuse, msemaji wa matanga wa Wabukusu, akapita huku na huku uwanjani, fimbo mkononi, watu wamemwachia njia katikati. Akazitaja koo, akavitaja vita vya Chetambe vya mwaka 1895, akayasema mauti usoni. Hakutuahidi lolote. Lakini aliyekufa alisemewa, nasi tukarudi nyumbani tukiwa na la kushika. Nikajiuliza, Kazimoto angesemewa na nani? Tangu siku hiyo naamini kwamba ukiwa wa riwaya ile ni ukiwa wa uwanja usio na msemaji.

Mwenzangu atasema hizo ni hisia za matangani, si uhakiki. Huenda, maana Bukusu si Ukerewe, na ulinganisho wangu una mapengo yake. Bado siuachi. Namwomba tu akisome Kichwamaji upya, na safari hii aanzie kwa Rukia.