Anayehesabu Siku Naye Ahesabiwe



Mazungumzo yetu yanahusu fedha za mji, na hasa zile wanazolipwa watu waliokodiwa kwa siku au kwa saa. Kila aliyewahi kujenga anaijua tofauti iliyopo hapa. Fundi tuliyepatana naye bei ya kazi nzima akichelewa, hasara ni yake. Fundi wa kutwa akichelewa, hasara ni yetu. Hatusemi kwamba malipo ya kutwa ni dhulma. Zipo kazi ambazo ukubwa wake haujulikani mpaka zianzwe. Tusemacho ni kuwa malipo ya namna hii yanataka jicho la mwenye mali kila siku. Ama mali ya mji, mwenyewe ni watu wote, na kilicho cha wote aghalabu hukosa wa kukitazama.

Tuchukue mfano wa New York, Marekani, mji usiopungukiwa wahasibu wala wanasheria. Mwaka 1998 mji huo ulianzisha mradi uitwao CityTime. Makusudio yake yalikuwa kuondoa karatasi za mahudhurio na kuweka mfumo wa kompyuta wa kusajili saa za kazi za watumishi, ili asiwepo wa kulipwa kwa saa asizofanya. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 63. Mradi ulipofikia ukingoni, mwaka 2011, zilikuwa zimetoka zaidi ya dola milioni 600. Mradi wa kuzuia wizi wa saa uligeuka wenyewe kuwa wizi wa saa!

Ilikuwaje? Kwanza, mapatano yalibadilishwa. Hapo awali kampuni ya SAIC, mkandarasi mkuu, ndiyo iliyobeba hasara ya gharama kuzidi. Mwaka 2006 mzigo huo ulihamishiwa mji: kadiri wataalamu walivyoongezeka na saa zikaandikwa, ndivyo mji ulivyolipa.

Pili, mlinzi alikuwa mshirika wa mwizi. Mark Mazer, aliyesimamia mradi kwa niaba ya mji, naye alikuwa mtaalamu wa kukodiwa. Aliongeza wataalamu na kuidhinisha saa zao, huku akipokea rushwa kutokana na kampuni ndogo zilizowaleta. Upande wa pili, meneja wa mradi wa mkandarasi alipata fungu lake kwa kila saa ya watu wa kampuni moja kati ya hizo. Basi kila siku iliyoongezeka ilikuwa chumo kwa wale wale waliotakiwa kuipunguza.

Tatu, vyeo havikukosekana, lakini swali lilikosekana. Juu ya idara yenye mradi walikuwapo wawakilishi wa Meya na wa Mdhibiti wa Fedha wa mji, na miaka ikapita. Wakati huo huo baadhi ya watumishi wa kawaida walitakiwa kuweka viganja vyao juu ya mashine kuthibitisha kuwa wamefika kazini. Mdogo alipimwa kwa kiganja. Mkubwa alipimwa kwa saini ya mwenzake.

Mambo yalifichuka kwa sababu watu waliuliza. Mwandishi Juan González wa gazeti la Daily News aliandika tena na tena. Mdhibiti John Liu alitoa ukaguzi wake mwaka 2010, na Desemba mwaka huo waendesha mashtaka wakafungua kesi. Mwezi Machi 2012 SAIC ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 500. Mwaka 2014 Mazer na wenzake wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 20 kila mmoja.

Ndugu zetu, kwetu Tanzania ibara ya 143 ya Katiba imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Bunge linayo kamati inayozihoji halmashauri juu ya hesabu zao. Hata hivyo, aghalabu mkaguzi hufika fedha zimekwisha kutoka. Aliye karibu ni diwani, na sisi tuliomchagua. Hapana budi tuulize mambo matatu: Siku zilizolipwa zimezaa nini kinachoonekana? Aliyezishuhudia siku hizo analipwa na nani? Na ukomo wa siku hizo umeandikwa wapi?

Wala tusidhani kuwa uangalizi maana yake ni kumkaba kibarua anayezibua mtaro juani. Huyo akichelewa nusu saa hukatwa ujira, na huenda jina la asiyekuwapo likaandikwa chini ya lake. Kumbana huyo na kumwacha aliyeshika daftari ni dhulma mbili kwa pamoja. Uangalizi wa haki huanzia kwa aliyeshika kalamu.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: hata daftari likiwapo, lisomwe na asiyekula humo.

Wabillahi tawfiq.