Kufundisha Mutoto wa Mbwa Nyumbani
(Maneno ya monitere kwa watu wa vijiji)



Leo sikuja kusema habari ya muhogo wala ya mahindi. Nimekuja kusema habari ya mbwa. Musicheke. Najua wengine wanauliza: Monitere wa mashamba anatafuta nini kwa mbwa? Mbwa anafukuza nyani katika mahindi, tena analinda mbuzi usiku. Lakini mbwa yule yule, kama hakufundishwa, anakula kuku wa jirani, na shauri linafika kwa chifu. Tena anaweza kuleta kifo ndani ya nyumba. Nitafika pale.

Katika vijiji vyetu hivi, kati ya Likasi na Kolwezi, watoto wa mbwa wanafika namna moja. Ndugu aliye katika kazi ya shaba anakuja kuona watu wake. Analeta sukari, chumvi, na mutoto wa mbwa ndani ya kikapu. Watoto wanafurahi siku tatu. Kisha mbwa anaachwa. Anatembea ovyo, anakula anachokiona. Musifikiri kwamba huyu hajifunzi. Anajifunza kila siku: anajifunza kuiba.

Basi, kwanza, usimutoe kwa mama yake mbele ya wiki 8. Anapocheza na ndugu zake anajifunza kuuma polepole, kwa sababu akiuma sana, mwenzake analia na muchezo unakwisha. Anayetoka mapema hakupata masomo hayo, naye atauma mikono ya watoto wako.

Usiku wa kwanza atalia. Si uchawi, ni kumukumbuka mama yake. Umupe kitambaa cha zamani kilicholaliwa na mama yake, umulaze ndani karibu na mulango. Chakula chake ni kidogo kidogo, mara 3 ao 4 kwa siku: bukari laini na vichwa vya samaki, na maji safi ndani ya kopo. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Inapasuka kama sindano na kutoboa tumbo.

Sasa habari ya uchafu ndani ya nyumba. Hapa mimi mwenyewe nilikosa. Mbwa wangu wa kwanza, jina lake Tumbako, alipojisaidia ndani ya nyumba, nilishika pua yake, nikaipaka katika uchafu, nikamupiga fimbo. Nilifikiri ndiyo masomo. Je, alijifunza nini? Alijifunza kwamba monitere ni mutu wa kuogopa, tena kwamba kazi ile inafanywa kwa siri. Tangu siku ile alijisaidia nyuma ya kiloba cha unga. Muke wangu ndiye aliyegundua, kwa pua. Maneno aliyoniambia siyasemi hapa.

Mutoto wa mbwa hawezi kuzuia mukojo muda murefu. Wa miezi 2 anaweza saa 2 tu, labda. Basi umutoe wewe: akiamuka, umutoe, akimaliza kula, umutoe, akicheza sana, umutoe. Umupeleke kila siku mahali pamoja, nyuma ya kiwanja, usimame kimya. Akimaliza, umusifu palepale, umupe kipande kidogo cha samaki. Usingoje kurudi nyumbani kumupa, kwa maana atafikiri unamulipa kwa kurudi. Akikosa ndani ya nyumba na wewe hukumuona, osha tu, nyamaza. Hajui unakasirikia nini.

Jina lake liwe fupi. Wengine wanapenda kumupa mbwa jina refu la kumutukana jirani. Ni furaha, nakubali, nami nimecheka mara nyingi. Lakini kwa kuita, jina lile linachosha mudomo, na jirani hasahau. Umuite kwa jina fupi, akija umupe kitu. Usimuite hata mara moja ili umupige. Mbwa aliyeitwa akapigwa, mara ya pili haji. Hata mutu hawezi kuja.

Kwa kuku, umufunge kamba shingoni, vidole viwili viweze kupita chini yake, ukae naye kuku wanapokula. Akitazama kuku akatulia, umupe kipande. Fanya vile siku nyingi. Watoto wasikimbize kuku pamoja naye hata kidogo, kwa maana muchezo ule ndio mwanzo wa shauri. Na pilipili puani, ati mbwa awe mukali? Acheni kabisa. Mbwa anaona kwa pua kuliko kwa macho. Unamutia upofu, kisha unamuambia aende kuwinda.

Lakini neno lililonileta ni hili: kila siku umushike. Gusa masikio, fungua mudomo, inua mukuu mumoja mumoja, shika shingo, na watu wengine wa nyumbani wafanye vile, polepole, na kipande cha chakula. Anza mara moja, kwa kuwa mpaka wiki 12 ao 14 mbwa anazoea watu na vitu upesi. Nyuma ya pale ni kazi ngumu. Sababu ni siku ya sindano.

Tumbako, kwa sababu ya fimbo yangu, hakukubali kushikwa. Munganga wa nyama alipokuja kuchoma mbwa wote sindano ya kichaa, Tumbako alikimbilia porini mpaka jioni. Nilisema: Si kitu, atachomwa mwaka kesho. Nyuma ya miezi michache mbwa asiyejulikana alipita, akapigana naye. Wiki zikapita. Kisha Tumbako akabadilika: akauma miti, mate yakamutoka, sauti yake ikawa ingine. Muchana mumoja akamuuma mupwa wangu katika muguu. Tumbako akafa siku ya nne.

Dada yangu alitaka kufunga kidonda kwa majani. Nilikataa. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayopita, dakika 15 kamili, mutoto akilia na mama yake akinitukana. Kisha nikamupandisha kwa kinga yangu mpaka hospitali. Alichomwa sindano mara nyingi, kwa wiki kadhaa. Leo yu mazima, anacheza mupira. Dawa ile si uongo: Pasteur, mutu wa Ufaransa, alianza kuponya nayo walioumwa katika mwaka 1885. Lakini inafaa mbele ya ugonjwa kuonekana. Ukionekana, mutu anakufa. Na unaweza kukawia wiki nyingi, hata miezi. Basi kidonda kilichopona hakionyeshi kwamba hatari imekwisha. Hata kama ni mukwaruzo mudogo, hata kama mbwa ni wako, osha, kisha uende siku ileile.

Mutoto wa mbwa anachomwa sindano akifika miezi 3, tena baada ya mwaka, kisha kama munganga wa nyama anavyosema. Siku ile kapita atapiga ngoma asubuhi. Kila mbwa aletwe kwa kamba, ashikwe na mutu mukubwa anayemujua, si na mutoto.

Wenye watoto wa mbwa wabaki sasa chini ya muembe. Nimeleta kamba na vichwa vya samaki. Tutaanza na yule mweusi, anayekula kiatu changu tangu nilipoanza kusema.